Nimekula Sahani Moja na Mkubwa

Melini, Jumapili, tarehe 9 Machi 1986

Yaya Nyota, dada yangu mpenzi,

Naanza kwa kuuliza miguu yako. Uliandika kwamba uvimbe unapanda ukisimama sana sokoni, je, umeshuka? Na Mama anaamkaje? Kikohozi kimemwachia, au bado anakaa kwenye ukingo wa kitanda kila asubuhi akingoja kipite? Na Furaha wangu, meno ya mbele yameota? Nijibuni moja moja, tafadhali. Msiniandikie "wote tuko wazima," kwa maana neno hilo ndilo mlilonijibu miezi miwili kabla ya mke wangu Riziki kufa, na tangu hapo siliamini tena.

Mimi ni mzima wa mwili. Nalala, naamka, nafanya kazi. Goti la kushoto linauma siku za baridi tu.

Barua yako yenye mstari wa Furaha chini nimeipata. "Baba, nimejua kuandika, kuja uone." Nimeusoma mpaka karatasi imelegea pale inapokunjwa. Umenieleza pia neno la baba mkwe wangu kule Lubondja, kwamba hataondoa matanga ya binti yake mpaka nifike mwenyewe, ninawe mikono naye, tule sahani moja. Unauliza nitakuja lini.

Yaya, nakuja. Karatasi ya safari ninayo. Lakini namna nilivyoipata inanitia kinyaa mpaka leo, na kuna jambo ambalo baba mkwe lazima alijue kabla hajauona uso wangu. Wewe ndiwe utakayemwambia. Kwa hiyo barua ni ndefu, na siitumi kwa posta. Inakuja mkononi mwa Hamisi, fundi wa mashine wa hapa melini, mtu wa Kigoma anayekwenda likizo. Ataikabidhi kwa watu wa mitumbwi wanaovuka kuja kwetu. Ukiisha kuisoma, iweke chini ya chungu iungue.

Sijawahi kukueleza kazi yangu vizuri. Najua Mama huwaambia watu kanisani kwamba mwanawe ni mpishi wa meli. Mimi sipiki. Meli hii ni ya watu wanaosafiri bila kwenda mahali. Wanapanda Ugriki, wanazunguka bahari, wanashuka palepale walipopandia. Safari yenyewe ni kula. Chini kuna ukumbi mkubwa ambamo wote wanaweza kula, kwa zamu mbili. Juu kuna chumba kidogo chenye meza kumi na sita, na humo haingii mtu ila jina lake limeandikwa tangu jana au juzi. Mimi ndiye mwandishi wa majina. Asubuhi nasimama nyuma ya meza ndogo nimevaa glovu nyeupe, daftari liko mbele yangu, nao wanakuja kwa mstari kushika meza za kesho na kuagiza nyama yao mapema. Jioni nasimama mlangoni, nasoma jina, nampeleka mtu kwenye kiti, nampa karatasi ya vyakula, naandika anachoongeza. Yule Mgriki wa hoteli ya Bujumbura aliniombea kazi hii kwa sababu ya Kifaransa tulichofundishwa na masista.

Miaka ya kwanza nilicheka. Kwetu mtu mwenye njaa anafika tu. Akikuta watu wanakula, anakaribishwa, ananawa. Hapa mtu ananiambia Jumatatu kwamba Jumanne saa mbili na robo atakuwa na hamu ya bata. Lakini tangu habari za Riziki zinifikie, kicheko kimekwisha. Nawaona wakigombania meza. Kuna mganga wa meno, Mfaransa, mtu mzima mwenye wajukuu, alinirushia kalamu kwa sababu meza ya dirishani ilikuwa imeshikwa na mwingine. Kuna mama mmoja aliyejiandika kwa majina matatu, lake, la mama yake na la marehemu dada yake, ili awe na meza tatu jioni moja, halafu achague akishavaa. Nyama ya meza zile mbili ambazo hakukaa ilikuwa imeshapikwa. Ilikwenda kwenye mapipa, na mapipa yakamwagwa nyuma ya meli. Nimeona kwa macho yangu samaki aliyetolewa baharini, akaoshwa, akapikwa kwa divai, akapambwa majani, akarudishwa baharini bila kuguswa. Ndege wanaotufuata wamenenepa hadi wanaruka kwa taabu.

Na wale wanaokaa hawali, Yaya. Wanachagua. Mtu anaagiza kamba, anakata kipande, anakisukuma pembeni, anasema nimletee ile nyingine aliyoona kwa jirani. Anaonja hiyo, anakunja uso kama amepewa kwinini. Siagi wanaichonga kama ua la waridi, na akitokea mtu akaligusa lile ua kwa kisu, mwenzake anataka jipya. Hamisi huniambia, "Ndugu yangu, wewe unawatazama sana. Mimi kule chini na mashine zangu siwaoni, ndiyo maana nanenepa."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unakumbuka Baba alipokufa, Mama alivyokuwa akila peke yake nyuma ya jiko, na kibakuli chake kile cha bati chenye pembe iliyobonyea? Mimi nilikuwa sijaanza hata shule. Nilimwonea huruma, nikaenda na tonge langu la bukari nikachovya kwenye mboga yake. Ulinipiga kofi mkono ukafa ganzi. Kisha ukaniambia, huku na wewe unalia, kwamba mfiwa hali sahani moja na mtu mpaka wakwe zake wamwite, kwa maana bado anakula na aliyemfia. Sijasahau. Wengine wanasema ni mambo ya wazee, na mchungaji wetu alikuwa akikohoa tu akiulizwa. Lakini tangu siku niliyopata barua ya msiba nimeishika desturi hiyo hapa katikati ya bahari. Nilinunua kibakuli bandarini. Wafanyakazi wote tunakula kwenye meza ndefu, vyakula viko kwenye masinia; mimi napakua, nakwenda kusimama pembeni, nageukia ukuta.

Siku ya kwanza Hamisi alipaza sauti, "Mzaire! Unakula kama mwizi wa mihogo! Tumekukosea nini?" Nilipomweleza alitoa kofia. Toka siku ile akiona mtu anataka kunicheka, humkanyaga mguu.

Kwa hiyo miezi hii yote sahani yangu ilikuwa safi, nami nikawa najiambia, angalau hilo sijamwibia Riziki. Sikumfumba macho, sikumzika, lakini nitamfikia baba yake na mkono safi.

Shida ilikuwa karatasi. Pasipoti yangu ilikwisha mwaka jana. Niliipeleka kwenye ofisi ya watu wetu huku Ulaya wanaotengeneza mambo hayo, wakaipokea, wakasema rudi kesho. Kila meli inapotia nanga nakimbia pale. Kesho yao haijafika. Karani wa mwisho aliniuliza ni mtu wa wapi, nikasema Fizi, ambako wao wanaona kila mtu ni mwasi, akaifunga droo taratibu kama anayefunga mlango wa mgonjwa. Bila karatasi naruhusiwa kwenda mjini kwa saa chache tu, na siwezi kuvuka mpaka wa nchi nikaja kwetu. Hilo niliwaficha, mkadhani nachelewa kwa kupenda.

Wiki tatu zilizopita akapanda mkubwa mmoja wa nchi yetu. Jina lake silitaji. Mtu wa hirimu ya mjomba, mnene, na suti yake ya kwetu isiyo na tai, beji ya Chama kifuani, hata akienda kutazama bahari. Hakuja na mke wala mtoto, alikuja na masanduku tu. Asubuhi ya kwanza alikuja kwenye daftari langu akasema kwa Kifaransa anataka meza ya pembeni, ya mtu mmoja, kila jioni, na kiti kiegemee ukuta.

Yaya, ona jinsi akili ya kwetu ilivyonidanganya. Nilimwona jioni ile ameketi peke yake, amewapa wote uso mzito, amezungushia mkono sahani yake ili asiiguse mtu. Watu wa nchi yetu hawali hivyo. Nikasema moyoni, masikini, kumbe na huyu amefiwa. Moyo ukanilainika. Hata nilifurahi kidogo, Mungu anisamehe, kwamba kuna mtu mwingine melini anayejua. Nikamletea maji ya kunawa kwenye bakuli, jambo ambalo humu halifanywi, nikainama nikamwambia kwa Kiswahili cha kwetu:

"Pole, baba, na matanga."

Uma ukasimama njiani.

"Matanga ya nani?"

"Sijui, baba. Nimeona unakula peke yako."

"Nani amekutuma uniambie hivyo? Nani amekufa? Semaa!"

Nikamwambia sikutumwa na mtu, ni kosa langu, nilidhani ni mfiwa kama mimi. Akakishusha kisu.

"We ni mutu ya wapi?"

"Mutu ya Baraka, citoyen," nikasema, nikimwita kama Chama kinavyotaka.

"Baraka ya Fizi?" Akacheka bila kuonyesha meno. "Kumbe. Kule bado munafuga barebeli?"

"Tunafuga bata na mbuzi, citoyen."

"Ulimi yako iko mwepesi. Basi tuuone unafanya kazi gani ingine." Akaisukuma sahani mbele yangu. "Onja."

Nilidhani anatania. Akageuza uma, akanielekezea mpini.

"Nakula peke yangu sababu sipendi kufa," alisema. "Pale kwetu niko na mutu wa kuonja. Hapa sina. Batu ya Fizi banajua dawa. Kama kuko kitu ndani, we utakiona mbele yangu. Onja nyama, onja mboga, onja supu. Kwa uma yangu, ndani ya sahani yangu. Usinikatie pembeni."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba mke wangu amekufa, wakwe bado hawajaniita, na kwetu mfiwa hali sahani moja na mtu. Nilimwambia kwa heshima kama ninavyomwambia mzee. Sikutegemea acheke, kwa kuwa hata watu wa mkoa wake wana matanga.

Hakucheka. Alisema, "Mutu anayekataa kuonja anajua kitu."

Wakati ule msimamizi wetu wa ukumbi, Mgriki anayeitwa Stavros, alikuwa ameshafika. Alitabasamu kwa mgeni huku akinifinya kiwiko. "Kuna nini? Kula tonge moja, Wilondja. Ni tonge moja tu. Meza nane zinangoja."

Sikula jioni ile. Nilisimama kama mti. Mkubwa akaondoka na njaa, sahani ikaenda kwenye pipa, na Stavros akaniambia nikusanye nguo zangu, tukifika bandarini nashuka. Nikamwambia bila karatasi watanifunga. Akasema hilo ni langu na nchi yangu.

Asubuhi yule mkubwa akaja kwenye daftari mwenyewe, wa kwanza kwenye mstari. Alikuwa amekwisha kuuliza habari zangu.

"Pasipoti yako inalala wapi?"

Nikamwambia.

"Yule mwenye kiti pale ni mtoto wangu ya kazi. Mimi nikimwandikia mistari mbili, unapata karatasi siku ileile. Niko hapa jioni kumi. Uonje jioni kumi. Baadaye enda ukanawe na wakwe zako unavyotaka."

Nilikwenda chini kwa Hamisi. Alikuwa anajifuta grisi kwa tambara. Nilimweleza yote. Alifikiri, akasema, "Kuonja si kula. Mpishi anaonja kutwa na saumu haimvunjiki akitema. Tema."

"Anataka nimeze. Anatazama koo."

"Basi sijui, ndugu yangu. Ila mtoto wako hatakula desturi."

Yaya, nilifikiri siku nzima. Nilijua nikikataa, sahani yangu itabaki safi na sitaiona Lubondja kamwe. Baba mkwe atazeeka akiningoja, matanga yakiwa yamekaa sebuleni kama mgeni asiyeondoka. Nikikubali, nitafika, lakini mkono ninaomletea si ule anaoungojea. Sikuwa na wa kumuuliza. Ningekuwa karibu ningekuuliza wewe, hata ungenipiga kofi.

Jioni nikaushika uma wake. Nikaonja.

Ningependa barua iishie hapo, niseme nililazimishwa, mnionee huruma. Lakini nimekuahidi yote.

Jambo la kwanza ni aibu ya macho ya watu. Katika meza ya jirani alikaa yule mama wa majina matatu. Alimuuliza Stavros kama hiyo ni mila ya kwetu, mtumishi kula kabla ya chifu. Stavros akasema ndiyo, Madame, mila ya zamani sana. Mama yule akashika kifua kwa furaha. Asubuhi mstari wangu ulifika mpaka kwenye ngazi. Hakuna aliyetaka dirisha tena. Wote walitaka meza zinazotazamana na pembe ya yule mkubwa. Mganga wa meno, aliyenirushia kalamu, akaniita rafiki yangu na kunigusa bega. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, niliandika majina ya watu watakaonitazama nikimeza. Walivaa vizuri kwa ajili hiyo. Jioni ya pili, nilipomeza supu nikabaki nimesimama, mtu mmoja alipiga makofi, na meza zote zikamfuata. Mkubwa alikunja uso, lakini niliona hakuchukia kutazamwa. Jioni ya tatu mume wa mama mmoja alitaka naye aonjewe, kwa mchezo. Stavros akamwambia samahani, mwonjaji ni mmoja. Alisema hivyo kama mtu anayesema divai ile imekwisha.

Jambo la pili ndilo baya.

Jioni ya nne mate yalinijaa kabla sijaitwa. Nilikuwa mlangoni nasoma majina, harufu ya samaki ikapita, nami nikatazama pembe ile kama mbwa anavyotazama jiko. Miezi yote nilikuwa nikila kwa kibakuli changu chakula ambacho sikukisikia ladha. Pale, kwenye sahani ya mtu ambaye sitamani hata kivuli chake, ladha ilirudi. Samaki alikuwa mtamu, Yaya. Nilikata kipande kikubwa kuliko cha kuonja. Yule mkubwa akaona, akasema polepole, "Kula, kula. Bado kuko." Na mimi nikala.

Toka hapo akaanza kuniongelesha. Aliisogeza sahani katikati. Yeye anakata upande wake, mimi nakata wangu, nimesimama, yeye amekaa. Akaniambia anachoka na vyakula hivi, anatamani sombe iliyotwangwa na mawese mengi. Aliniagiza nimuulize mpishi kama wana majani ya mihogo. Mpishi alinicheka mbele ya wenzake. Kisha jioni ya sita akauliza, "Muke yako alikuwa anapika nini?"

Nikamwambia. Ningeweza kunyamaza, nikamwambia. Nilimwambia Riziki alivyokaanga ndakala, vile visamaki vya ziwani, bila kuvikausha sana, ili vichwa vibaki laini kwa ajili ya Mama asiye na meno. Nilimwambia alivyopenda ukoko wa bukari, alivyoukwangua kwa gamba la konokono la ziwani na kusema huo ndio mshahara wa mpishi, asiombwe. Nilimwambia siku ya harusi alivyofungua kitambaa cha kichwa akafutia jasho langu mbele ya wazee, wakaguna. Mambo ambayo sikumwambia hata Hamisi. Yule mtu alikuwa anatafuna na kutikisa kichwa, anasema, "Enhe. Enhe. Baadaye?" Alinisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote tangu msiba. Na mikono yake, Yaya, mikono inayotia saini ya kufunga watu, tunayoijua sisi huko kwetu, ilikuwa inachukua kipande na mimi ninachukua kipande.

Nilipotoka nilikwenda chooni nikatapika. Sikutapika kwa ajili ya samaki. Nilikuwa nimemtoa Riziki wangu nikamweka mezani pake kama kitoweo.

Nilionja jioni zote kumi. Jioni za mwisho nne sikusimulia tena, na yeye aliponiuliza nilisema, "Imekwisha, citoyen." Alikasirika, lakini mistari miwili aliniandikia, hakunidanganya. Tulipotia nanga nilipeleka kile kikaratasi. Karani yuleyule wa droo akasimama wima alipoona mwandiko. Kabla jua halijageuka nilikuwa na karatasi yenye muhuri na picha yangu. Alinipa mkono, nikautazama tu.

Hamisi anasema nimeshinda. Anasema ningekuwa mjinga kuiacha. Labda. Lakini Hamisi hataulizwa na baba mkwe.

Sasa nisikilize ninachokuomba. Nashuka melini mwezi ujao, napita Bujumbura, nashuka na ziwa. Kabla sijafika, enda Lubondja. Usimtume mtu, na usimpelekee barua, nenda kwa miguu yako, kama miguu inakubali. Kama haikubali, ningoje, usihatarishe. Mwambie baba mkwe kwamba Wilondja amekula sahani moja na mtu kabla ya kuitwa. Mwambie si mara moja. Usiseme nililazimishwa peke yake. Sema pia ile jioni ya nne, na sema nilivyomzungumzia binti yake. Usinilainishie. Wewe unanipenda, najua utataka kunilainishia.

Naogopa kimya chake kuliko maneno. Lakini naogopa zaidi kunawa naye kwenye beseni moja, yeye akidhani mkono ni uleule, halafu tukamege pamoja na mimi ninyamaze. Hapo ndipo ningekuwa nimemla Riziki kweli.

Mimi nikifika Baraka nitakaa kwako. Nitakula peke yangu, nyuma ya jiko. Akisema matanga yangu yameharibika na yaanze mwanzo, nitaanza mwanzo, sitahesabu miezi. Akisema hataki kuniona, nitamlea Furaha na kumpeleka kwa babu yake kila likizo, mimi nibaki njiani. Akiniita, nitapanda siku hiyohiyo, hata mvua inanyesha. Melini sirudi. Stavros ameniomba nitie saini ya mwaka mwingine. Anasema wageni wa mwezi ujao wameshaanza kuuliza habari za mwonjaji. Nilimrudishia glovu zake.

Nisalimie Mama, mwambie asiseme tena kanisani kwamba ni mpishi; aseme mwanawe anarudi. Nisalimie shemeji yangu mume wako, mwalimu wa shule ya msingi, najua mshahara haujaja na bado anafundisha. Nisalimie mjomba mchonga mitumbwi na mkono wake mbovu. Nisalimie mama mkwe wangu kwa upole, yeye umwambie mwisho, akiwa ameketi. Nisalimie jirani yetu shemasi aliyemwimbia Riziki kaburini wakati mimi sikuwepo, sitamsahau. Na Furaha, mwambie barua yake nimeisoma, na kwamba herufi ya "k" ameigeuza lakini Baba ameielewa.

Ni mimi mdogo wako, aliyekuwa mlangoni pa watu wanaokula.

Wilondja

Mkiomba jioni, nitajeni kwa jina.